Moshi wa mashine za kukatia nyasi: tupunguze oili au shida iko kwingine?

Kijani wa Goba

Wakuu, heshima zenu.

Nina kikundi cha vijana, tunakata nyasi kuanzia Goba, Mbezi Beach mpaka Tegeta. Tunafanya majumbani, kwenye shule mbili na uwanja mmoja wa kanisa. Mashine zetu ni tu-stroki (zile za kuchanganya oili na petroli) za kuvaa begani, za Kichina, cc 52. Wateja tunao na kazi tunaiheshimu, ila sasa moshi unataka kututoa kazini.

Mwalimu mkuu wa shule mojawapo ametuambia tusikate tena watoto wakiwa madarasani. Moshi unaingia madirishani na watoto wanakohoa. Nimemwelewa kabisa, maana hata mwanangu ana pumu. Tena vijana wangu wenyewe ikifika jioni kichwa kinawagonga, macho yanawasha, na nguo zinanuka petroli hata zikishafuliwa.

Mchanganyiko wetu uko hivi: dumu la lita 5 la petroli ya sheli, tunaongeza oili nusu ya ile chupa ya maji ya nusu lita. Oili tunanunua ya kupima, inatoka kwenye pipa, muuzaji anasema ni namba 40 safi. Malalamiko yalipoanza tukapunguza, sasa tunaweka robo ya chupa. Moshi umepungua kweli, lakini vichwa vya vijana viko vilevile, na mashine moja imeanza kuchemka mpaka inazima yenyewe katikati ya kiwanja.

Naomba kujua: kipimo sahihi ni kipi? Kwa nini moshi umepungua lakini watu bado wanaumwa? Na kuna namna ya kupunguza hii sumu bila kuua mashine? Wenye ujuzi nisaidieni, naombeni majibu ya kufanyia kazi.

Mzee wa Tabata

Weka 50 kwa 1, yaani petroli 50 kwa oili 1, kama watu wote, moshi utaisha. Oili ikizidi ndiyo moshi, hakuna kingine. Msumeno wangu wa mashine naupimia kwa kifuniko cha chupa, kifuniko kimoja kwa lita, na unapiga kazi.

Fundi Kigamboni

Ndugu Kijani, tafadhali usipunguze tena oili kabla hujamaliza kusoma hapa. Mimi ni fundi wa mashine ndogo, niko Kigamboni, kazi yangu kubwa ni injini za boti pamoja na hizi za nyasi. Na wewe kaka wa Tabata, kifuniko cha chupa gani? Cha maji ya kunywa kinabeba mililita chache tu, cha dumu la oili kinabeba mara kadhaa ya hizo. Ukimpimia mtu kwa vifuniko unamtafutia gharama.

Kijani, moshi unaouona na sumu wanayovuta vijana wako ni vitu viwili tofauti. Usipovitenganisha utaua mashine, na vichwa vitaendelea kuuma.

Anza na oili. Tu-stroki haina mahali pa kuwekea oili yake peke yake, yote inaingia pamoja na petroli. Mchanganyiko ukitoka kwenye kabureta, pale petroli inapochanganyika na hewa, hauendi moja kwa moja juu ya pistoni, unapita kwanza chini kwenye krenki, shafti inayozungushwa na pistoni. Humo petroli inageuka mvuke, oili inabaki matone na kushika kwenye beringi, kwenye pini ya pistoni na kwenye ukuta wa silinda. Baadaye inasukumwa juu. Nyingine inaungua, nyingine inatokea kwenye ekzosi ikiwa nzima. Hiyo iliyotoka nzima ndiyo moshi wenu mweupe wenye ubluu. Ni ukungu wa oili, matone madogo mno yanayofika ndani kabisa ya mapafu.

Sasa petroli, na hapa ndipo watu wengi hawaangalii. Pistoni ikishuka inafungua tundu la ekzosi, na muda mfupi sana baadaye inafungua matundu ya kuingizia. Kuna kipindi yote yako wazi kwa pamoja. Mchanganyiko mpya unaingia ili uusukume moshi wa zamani utoke, na sehemu yake unatoka nao bila kuungua hata kidogo. Kwa mashine za kabureta za kawaida kama zenu, kinachopotea hivyo ni kama robo ya petroli, na zipo zinazokaribia theluthi. Kwenye dumu lako la lita 5, zaidi ya lita moja inamwagwa hewani kama mvuke, karibu na pua ya kijana aliyeivaa. Ndiyo maana nguo zinanuka. Mvuke huo hauna rangi, kwa hiyo ukipunguza oili macho yako yanakwambia mambo yamekuwa mazuri, wakati pua ya kijana haijapata nafuu yoyote.

Tuje kwenye vipimo vyako. Nusu ya chupa ya nusu lita ni mililita 250. Ndani ya lita 5 hiyo ni 20 kwa 1. Robo ya chupa ni mililita 125, hiyo ni 40 kwa 1. Mashine nyingi za Kichina za cc 52 kitabu chake kinataka 25 kwa 1, yaani mililita 40 kwa kila lita, 200 kwa dumu lako. Angalia kitabu chako, au stika kwenye tangi kama haijabanduka. Ikiwa ni hiyo 25, basi mwanzo mlikuwa mnazidisha kidogo, na sasa mnaipa chini ya theluthi mbili ya inachohitaji, tena kwa oili ambayo haikutengenezwa kwa kazi hiyo.

Ile mashine inayochemka isiwashwe tena. Nakuomba sana. Fungua ekzosi, sogeza pistoni kwa mkono taratibu na umulike kwa tochi ya simu kupitia tundu. Ukiona mikwaruzo ya kutoka juu kwenda chini kwenye pistoni, upande huo wa ekzosi, imeshaanza kunoki, yaani pistoni inasagana na silinda. Ikiwa bado laini, umeiwahi.

Jambo lingine. Kuna watu wakiona mashine inachemka wanaongeza oili bila kipimo wakidhani wanaipoza. Jeti ya kabureta, kile kitundu kinachopitisha petroli, ni ileile na kinachopita humo hakiongezeki. Oili ikizidi inachukua nafasi ya petroli, tena ni nzito, inapita kwa shida. Hewa inabaki kama ilivyokuwa. Injini inapata hewa nyingi kwa petroli pungufu, na mchanganyiko wa namna hiyo unaunguza moto zaidi. Juu yake masizi yanajaa kwenye tundu la ekzosi, mashine inakosa nguvu, kijana anavuta mafuta mpaka mwisho kutwa nzima, na petroli inayopotea inazidi. Kwa hiyo oili pungufu inaua, na oili ya kuzidi inaua pia, ila taratibu na kwa moshi mwingi.

Oili yenyewe. Hiyo namba 40 ya pipani ni ya injini za fo-stroki. Imetengenezwa ikae chini ya injini izunguke, haikutengenezwa iungue. Ndani yake kuna viungo vyenye kalsiamu na zinki, vikiungua vinaacha majivu magumu kwenye plagi na kwenye tundu la ekzosi. Nimekwangua silinda nyingi za namna hiyo: ganda jeusi lenye weupe ndani, gumu kiasi kwamba bisibisi inateleza juu yake, na tundu la ekzosi limebaki nusu. Nunua oili ya tu-stroki iliyofungwa kiwandani, na uangalie nyuma ya chupa kama kuna alama ya JASO yenye FC au FD. Hilo ni daraja la Kijapani. Katika kipimo chao cha moshi, FB inatakiwa ifikishe angalau 45, FC na FD angalau 85, na namba ikiwa kubwa ndivyo moshi unavyokuwa mdogo. FD inazidi FC kwa usafi, haiachi masizi mengi. Chupa isiyo na alama yoyote, hata kama ina rangi nyekundu ya kupendeza, mimi siigusi.

Habari ya oili ya pipani haikuanzia kwetu. Delhi kule India, mwaka 1998, walipiga marufuku kuuza oili ya tu-stroki ya kupima kwa ajili ya bajaji na pikipiki, kwa sababu madereva walikuwa wanamimina oili yoyote kwa kiasi chochote na mji ukajaa moshi. Dhaka wao walifika mbali zaidi, kuanzia mwaka 2003 bajaji za tu-stroki ziliondolewa mjini kabisa.

Kijani wa Goba

Fundi, Mungu akubariki. Nimefungua ile mashine jioni hii. Kuna mikwaruzo miwili, si mirefu, kucha inaikamata kidogo. Kitabu nimekipata, kweli ni 25 kwa 1.

Nina mawili. Nikipata oili ya FD naweza kwenda 50 kwa 1 kama alivyosema mzee wetu wa Tabata? Na hao vijana, nawapimiaje huko kazini ambako hakuna mizani wala chombo?

Nahodha Kunduchi

Fundi shikamoo. Naomba niongeze la upande wetu wa bahari.

Kijani, ukienda kununua oili usije ukauziwa ya boti ukaambiwa "yote ni tu-stroki". Sisi tunatumia yenye alama TC-W3. Injini ya boti inapozwa kwa maji ya bahari, haifiki joto la mashine yenu inayopozwa kwa upepo, na oili yake imetengenezwa kwa joto hilo. Ukiiweka kwenye mashine ya nyasi inayopiga kazi juani saa nane mchana haitaihimili.

Mambo ya kumwaga petroli tunayajua sana. Injini zetu ekzosi inatokea chini ya maji, katikati ya panga linalosukuma boti, kwa hiyo moshi hauonekani kama wenu. Lakini njoo Kunduchi alfajiri bahari ikiwa shwari, boti zikiwa zinasubiri na injini zimewashwa. Utaona utando wa rangi rangi unasambaa juu ya maji, unafika mpaka pale wanaposafishia samaki. Hiyo ni oili na petroli. Ziwa Tahoe kule Marekani walikataza injini za tu-stroki za kabureta mwaka 1999 kwa sababu ya petroli kuingia majini. Sisi huku wengi hatuna uwezo wa kununua fo-stroki leo wala kesho, ila boti yangu haisubiri tena huku injini inanguruma. Nazima, nawasha ikifika zamu yangu. Petroli inayobaki kwenye tangi naiona kwa macho.

Mwalimu wa Kemia

Habari zenu. Nafundisha kemia sekondari, Kinondoni. Fundi ameeleza injini vizuri sana, mimi naomba niseme juu ya vichwa vya hao vijana, maana hilo limenigusa kuliko moshi.

Kaka Kijani, kichwa kugonga baada ya kazi ya mashine, tena ikiambatana na kichefuchefu au miguu kulegea, ni dalili inayoelekeza kwenye kaboni monoksidi. Gesi hii haina rangi, haina harufu, na inatoka kwa wingi pale petroli inapokuwa nyingi kuliko hewa ya kuiunguza. Ili petroli iungue yote, kilo moja inahitaji karibu kilo 14.7 za hewa. Mashine hizi ndogo huwekwa makusudi zipate hewa pungufu ya hapo, kwa sababu petroli ya ziada inaipoza injini na kuipa nguvu. Gharama yake ni kaboni monoksidi. Ikiingia kwenye damu inashika himoglobini, ile inayobeba oksijeni, kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni inavyoshika, basi mtu anapumua vizuri lakini mwili unakosa oksijeni.

Kwenye ule mvuke wa petroli ambayo haikuungua kuna benzini, na benzini inajulikana kusababisha saratani ya damu. Haifanyi kazi kwa siku moja, inafanya kwa miaka ya kuivuta kidogo kidogo. Vijana wako wana miaka mingi mbele yao. Kwa upande wa oksidi za naitrojeni, gesi nyingine za ekzosi, tu-stroki inatoa kidogo ukilinganisha na injini nyingine, kwa hiyo hiyo isikusumbue sana.

Ili mjue ukubwa wa jambo lenyewe: mwaka 2011 wapima magari wa Edmunds kule Marekani walipima mashine ya tu-stroki ya kupulizia majani na kulinganisha na gari kubwa la Ford Raptor. Nusu saa ya ile mashine ilitoa hidrokaboni, yaani mafuta yasiyoungua, sawa na gari hilo kuendeshwa maili 3,887. Hizo ni zaidi ya kilomita 6,200. Utoke hapa Dar uende Bukoba na kurudi, uende tena na kurudi, bado hujazimaliza. Ni mashine ambayo mtu anaibeba mgongoni.

Barakoa ya kitambaa haizuii gesi, isiwape matumaini. Inazuia vumbi na matone makubwa basi. Kinachosaidia ni hewa: kijana asimame upepo umpige usoni au ubavuni, ili moshi wa ekzosi upelekwe nyuma yake. Msikate kwenye kona yenye kuta tatu, pale nyuma ya nyumba ambako upepo haufiki, kwa muda mrefu bila kupokezana. Huko tumieni fyekeo la mkono. Mwenye kizunguzungu aache kazi, akae kwenye hewa safi, na hali ikiendelea apelekwe hospitali. Na wewe mwenye mtoto wa pumu, nguo za kazi zivuliwe nje na zifuliwe peke yake.

Naongeza hili kwa yeyote anayesoma: vile vijenereta vidogo vya tu-stroki vinavyowashwa ndani ya fremu za maduka umeme ukikatika, ni gesi hiihii. Mlango kuwa wazi hautoshi. Kiwe nje, mbali na dirisha.

Mzee wa Tabata

Nimefuatilia. Kifuniko nimekipima leo kwa sindano ya dawa, kinabeba mililita 6. Msumeno unataka 20. Nashukuru fundi.

Fundi Kigamboni

Marahaba nahodha, na umesema kweli tupu kuhusu kuzima. Mwalimu asante sana, hayo ya gesi watu wanapaswa kuyasikia kutoka kwa mtu kama wewe.

Mzee wangu wa Tabata, mililita 6 kwa lita ni kama 167 kwa 1. Msumeno huo una bahati kubwa. Upe 20 kuanzia sasa, na plagi uifungue uitazame.

Kijani, mzee amekujibu tayari swali la chombo. Nenda duka la dawa, nunua bomba la sindano la mililita 20, bila sindano yenyewe. Ni la bei ndogo na lina mistari ya kipimo. Bomba moja kwa lita ni 50 kwa 1. Mabomba mawili kwa lita ni 25 kwa 1. Mpe kila kijana la kwake, alifunge kwa kamba kwenye dumu. Mimina petroli nusu kwanza, tia oili, tikisa, jaza petroli iliyobaki, tikisa tena. Mkianza na oili, inalala chini ya dumu, mnakuwa na dumu lenye mchanganyiko wa aina mbili. Changanyeni mnachotumia wiki hiyo. Mchanganyiko uliokaa zaidi ya mwezi kwenye joto hili la Dar petroli yake nyepesi imeruka, mashine inawaka kwa shida, mnavuta choki ya kubana hewa muda mrefu, na choki ndiyo inayomwaga kuliko kitu chochote.

Kuhusu kwenda 50: mashine ya Stihl au Husqvarna imeundwa kwa 50 kwa 1 na oili yake, sina ubishi. Hiyo yako kitabu kinasema 25. Kiwanda kiliandika hivyo kikijua beringi kilizoweka, na kikijua mtu anaweza kutia oili ya hali ya chini. Ukiwa na FD halisi, mimi kwenye mashine kama hiyo natia bomba moja na nusu kwa lita, yaani mililita 30, na sishuki chini ya hapo. Moshi unakuwa mdogo sana na pistoni inabaki salama. Ikiwa huna uhakika na oili, fuata kitabu, mabomba mawili.

Hata hivyo ukitaka kumpunguzia kijana sumu, oili ni sehemu ndogo ya kazi. Kubwa ni petroli inayozidi, na hiyo inarekebishwa kwenye mashine. Fungua kifuniko cha hewa. Kwa kazi yenu sponji ile itakuwa imejaa vumbi la nyasi mpaka imeshikana. Hewa ikikosa njia, petroli inazidi, na kaboni monoksidi aliyoisema mwalimu inapanda. Ioshe kwa maji na sabuni kila mwisho wa wiki, ikauke kabisa ndiyo uirudishe. Usiioshe kwa petroli, inalegea na kumeguka vipande vinavyoingia kwenye injini.

Halafu sailensa, yaani injini kunguruma bila kuvutwa mafuta. Mashine ikiwa imeachwa kwenye sailensa, moshi wa zamani unabaki mwingi ndani ya silinda, moto unashika mara moja unaruka mara nyingine, ndiyo ule mlio wa kudundadunda. Kila inaporuka, mchanganyiko mzima unatoka ulivyoingia. Kijana akienda kunywa maji, au akimsubiri mwenye nyumba ahamishe gari, azime.

Kuna kipimo ninachokifanya hapa kwangu hata wewe utakiweza. Chukua karatasi nyeupe ya daftari. Mashine ikiwa imeshapata moto, mwambie kijana avute mafuta nusu, wewe ishike karatasi hatua moja kutoka kwenye ekzosi, hesabu mpaka kumi, usiisogeze karibu zaidi. Ukipata vidoa vya kahawia vinavyong'aa na vinateleza ukivisugua kwa vidole, hiyo ni oili, ama imezidi ama si yenyewe. Ukipata masizi makavu meusi yanayopanguswa kama unga, kabureta inamwaga petroli. Thibitisha kwa plagi: ikiwa kahawia iliyokauka iko sawa, ikiwa nyeusi imelowa inazidishiwa, ikiwa nyeupe inaungua, zima haraka utafute fundi. Karatasi safi haina maana kwamba hewa ni safi, ile petroli nzima haiachi alama. Lakini utakuwa umeondoa kinachoondoleka.

Skrubu za kabureta usiwaachie vijana wazichezee. Watu wanabana petroli ili moshi uishe, mashine inalia kwa sauti nyembamba ya kupendeza, na baada ya muda mfupi imenoki. Ilete kwa fundi anayeisikiliza ikiwa na mzigo.

Kuhusu hiyo mikwaruzo miwili: ikiwa kucha inakamata kidogo tu, silinda inaweza kusafishwa kwa msasa mwembamba wa maji, pistoni na ringi ubadilishe. Gerezani pale Kariakoo seti za cc 52 zinapatikana bila kuhangaika. Nenda na ile ya zamani mkononi, usitaje cc peke yake, kuna pini za vipimo tofauti.

Kijani wa Goba

Nimeshanunua mabomba na oili ya FD. Karatasi imetoka na vidoa vya oili kwenye mashine mbili, nimemwaga mchanganyiko wote wa zamani. Fundi, nikijipanga kununua mashine nyingine, nitafute nini ili hii habari ya petroli kutoka nzima iishe kabisa?

Fundi Kigamboni

Fo-stroki. Huko oili inakaa mahali pake, haichanganywi, na matundu yana vali zake, kwa hiyo petroli haitoki nzima kama huku. Kwa uwanja wa kanisa na viwanja vya shule, ikiwa ni tambarare, usinunue ya begani hata kidogo. Chukua ya kusukuma yenye magurudumu, fo-stroki, kijana anakuwa nyuma ya mpini, mbali na ekzosi, na eneo linakwisha mapema. Za begani za fo-stroki zipo pia, Honda wanatengeneza injini ya cc 35 ya aina hiyo. Ni nzito kidogo na bei iko juu, lakini petroli inakula kidogo, kwa kazi yenu ya kila siku inajirudisha. Za betri nazo zinaingia sokoni, hazina moshi wowote pale mnapokata. Kwa bustani ndogo za Mbezi zinafaa, kwa nyasi ndefu za Goba kwenye viwanja vilivyotelekezwa betri itaisha njiani.

Hizo mlizo nazo sasa zibaki kwa mitaro na kingo za ukuta, siyo kutwa nzima.

Na siku utakapokuwa na aina mbili kwa pamoja, nunua madumu ya rangi mbili. Jekundu la mchanganyiko, jeupe la petroli tupu, na kila tangi lipigwe rangi ya dumu lake. Kijana akichoka jioni hasomi maandishi, anaangalia rangi. Petroli tupu ikiingia kwenye tu-stroki, dakika chache tu zinatosha kuiua. Mchanganyiko ukiingia kwenye fo-stroki itatoa moshi tu mpaka tangi liishe, utaumwaga na kuweka safi. Kwa hiyo dumu la kulilinda ni hilo jeupe, likae kwenye gari upande wa dereva, na anayelishika awe mtu mmoja.